Sonny Liston: Kipigo kilichofuta hata ushindi wa nyuma

KABLA ya usiku wa Februari 25, 1964, hakukuwa na bondia duniani aliyeogopwa kama Charles Liston, maarufu kwa jina la Sonny. Bingwa huyo wa dunia wa uzito wa juu alikuwa ametwaa taji kwa kumwangusha Floyd Patterson katika raundi ya kwanza mwaka 1962, na waliporudiana mwaka uliofuata alimwangusha tena katika raundi hiyo hiyo ya kwanza.

Waandishi 46 wa michezo waliokwenda Miami Beach, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kuripoti utetezi wake wa pili wa taji waliulizwa utabiri wao. Kati yao, 43 walisema Liston angeshinda. Wacheza kamari nao walimpa nafasi ya saba kwa moja. Mpinzani wake alikuwa Cassius Clay, kijana wa miaka 22 kutoka Louisville, ambaye wengi walimwona kuwa hodari wa maneno kuliko ngumi.

Kulikuwa kunapambazuka Dodoma na nyanda zote za kati za Tanganyika, asubuhi ya Februari 26, wakati kengele ya raundi ya saba ilipogongwa Miami. Clay alisimama. Liston alibaki ameketi kwenye kona yake, na kwa kutoinuka huko ubingwa wa dunia ukahama.

Kwa Watanganyika, habari hiyo ilifika katika wiki zilizojaa mambo mazito zaidi. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametokea Januari 12, na maasi ya askari wa Tanganyika Rifles yaliyoanzia kambi ya Colito, Dar es Salaam, Januari 20, yalikuwa yamefika hadi kambi ya Tabora. Kilichobaki vichwani mwa watu kutokana na habari ya Miami ni jina la mshindi, ambaye siku chache baadaye alianza kuitwa Muhammad Ali. Huyo wa pili alisahauliwa, na pale alipokumbukwa, alikumbukwa kwa ubaya.

Kushindwa si jambo geni katika masumbwi. Joe Louis alipigwa na Max Schmeling mwaka 1936 na akabaki kipenzi cha mamilioni. Patterson mwenyewe aliangushwa mara saba na Ingemar Johansson wa Sweden mwaka 1959, akalirudisha taji mwaka uliofuata na kuwa bondia wa kwanza wa uzito wa juu kufanya hivyo. Vipigo hivyo vilihesabiwa kama vipigo, basi. Kipigo cha Liston kilihesabiwa tofauti: kilirudi nyuma na kuanza kufuta yale aliyokwisha kuyashinda.

Ili kuelewa sababu, ni lazima kuanzia mbali kidogo.

Liston alizaliwa katika jimbo la Arkansas, karibu na mji wa Forrest City, katika familia ya mkulima mweusi aliyelima pamba kwenye ardhi ya mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Baba yake, Tobe Liston, alikuwa na watoto zaidi ya 20 kwa wanawake wawili, na Sonny alikuwa miongoni mwa wale wa mwisho. Kuzaliwa kwake hakukuandikishwa.

Msomaji wa Dodoma hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Wazee wa Kongwa, Mpwapwa na Manyoni wa vizazi vilivyopita walipoulizwa umri wao walitaja njaa badala ya mwaka, na Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndiyo iliyokuwa kalenda ya wengi. Hakuna aliyewaita waongo kwa sababu hiyo. Liston, kila alipotaja Mei 8, 1932 kuwa siku yake ya kuzaliwa, walikuwapo waandishi walioandika kwamba anaficha miaka.

Baba yake alimtumikisha shambani tangu utotoni na kumchapa kiasi kwamba makovu yalibaki mwilini hadi ukubwani. Mama yake, Helen, alipohamia mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, kutafuta kazi ya kiwandani, mvulana alimfuata. Nauli aliipata kwa kuangua kokwa za mti wa shemeji yake na kwenda kuziuza mjini. Alipofika alijaribu shule, lakini kijana mkubwa kiasi kile asiyejua kusoma alichekwa na watoto wenzake, akaacha. Hakuwahi kujifunza kusoma na kuandika ipasavyo.

Mitaani alijiunga na vijana waliokuwa wakivamia maduka na vituo vya mafuta. Mwaka 1950 alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na kupelekwa gereza la jimbo lililoko Jefferson City. Huko ndiko alikovaa glovu kwa mara ya kwanza, kwa ushawishi wa padri wa Kikatoliki aliyesimamia michezo gerezani. Muda haukupita mrefu kabla ya kukosekana mfungwa wa kusimama naye ulingoni.

Aliachiwa kwa masharti Oktoba 1952. Miezi mitano baadaye alishinda mashindano ya ridhaa ya Golden Gloves mjini Chicago, ambako miongoni mwa aliowapiga alikuwamo Ed Sanders, bingwa wa uzito wa juu wa Michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952. Septemba 1953 aliingia ngumi za kulipwa, na pambano lake la kwanza lilidumu sekunde 33.

Kipaji hicho kilikuwa na wenyewe. Waliomfadhili St. Louis walihusishwa na John Vitale, mmoja wa wakuu wa uhalifu wa mji huo, na baadaye sehemu kubwa ya mkataba wake iliangukia mikononi mwa Frankie Carbo na Blinky Palermo, watu waliotawala ngumi za Marekani kwa vitisho hadi walipofungwa. Mfungwa aliyetoka gerezani bila elimu wala ndugu mwenye nguvu hakuwa na mlango mwingine wa kupitia. Hata hivyo, gharama ya mlango huo ililipwa na yeye peke yake.

Mwaka 1956 aligombana na askari polisi wa St. Louis, akamvunja goti na kumnyang'anya bastola. Alifungwa tena, na mwaka mzima wa 1957 hakuruhusiwa kupigana. Alipotoka, polisi wa mji ule walimsimamisha barabarani mara kwa mara hadi akahamia Philadelphia.

Ulingoni, hata hivyo, hakuna aliyemzuia. Hakuwa mrefu kupindukia, lakini mikono yake, ikinyooshwa pande zote mbili, ilifikia sentimita 213, na ngumi yake ya kushoto ya kunyoosha ilikuwa na uzito ambao mabondia wengi hawana hata katika ile ya kulia. Cleveland Williams, aliyeogopwa kwa nguvu zake, alipigwa mara mbili, mwaka 1959 na 1960. Zora Folley alifuata. Eddie Machen alifanikiwa kumaliza raundi zote, na hilo lilihesabiwa kuwa ushujaa.

Kufikia mwaka 1961 kila mtu alijua nani anastahili kupigania taji, na karibu kila mtu hakutaka alipiganie. Rais John Kennedy alimpokea Patterson Ikulu ya Washington na kumweleza kwamba inampasa kumshinda Liston. Viongozi kadhaa wa harakati za haki za raia waliona kwamba bingwa mweusi aliyetoka gerezani, mwenye marafiki majambazi, angewaharibia kazi katika miaka ambayo watu weusi walikuwa wanadai kura na viti kwenye mabasi. Jimbo la New York lilimnyima leseni.

Pambano likapelekwa Chicago, Septemba 25, 1962. Lilichukua dakika mbili na sekunde sita.

Patterson aliondoka mjini humo kwa gari akiwa amevaa ndevu za bandia ili asitambuliwe, kwa aibu. Lakini aibu ile ilizidisha huruma kwake. Marekani iliendelea kumpenda hadi alipofariki mwaka 2006, na alikuja kuwa mwenyekiti wa tume iliyosimamia ngumi katika jimbo la New York.

Liston alipanda ndege kurudi Philadelphia akiwa bingwa wa dunia. Njiani alijiandaa kwa maneno ambayo angewaambia wananchi watakaompokea; alitaka kuahidi kwamba atakuwa bingwa wa heshima. Ndege ilipofunguliwa mlango hapakuwa na umati wala bendi, wala kiongozi wa mji. Walikuwapo waandishi wachache na wafanyakazi wa uwanja wa ndege.

Mwandishi aliyekuwa karibu naye siku hiyo alisimulia baadaye jinsi mabega ya bondia huyo yalivyoshuka alipotazama uwanja mtupu. Si vigumu kuona kwamba hapo ndipo hadithi ya Miami ilipoanza. Mtu anayepokewa na taifa huwa na akiba. Siku akianguka, akiba hiyo humsitiri. Liston alipewa mkanda bila akiba.

Alichokuwa nacho badala yake ni hofu ya watu, na kwa muda hofu ilimtosha. Magazeti yalimfananisha na wanyama kwa majina ambayo leo yasingechapishwa. Desemba 1963 jarida la Esquire lilimweka kwenye jalada akiwa amevaa kofia ya Baba Krismasi, na wenye matangazo wakakimbia. Mwaka huo huo, Septemba, alizuru Uingereza na Scotland, akapokewa kwa furaha, akacheka na watoto na hata kuvaa vazi la Kiskoti. Waliomwona huko walishangaa kukuta mtu mpole mwenye utani. Ni wazi kwamba angeweza kuwa bingwa wa namna nyingine, kama angetakiwa.

Kati ya Septemba 1962 na Februari 1964, Liston alipigana ulingoni kwa dakika nne na sekunde 16 tu, muda wa mapambano yote mawili na Patterson. Aliamini alichoandikiwa magazetini. Kwa ajili ya Clay alifanya mazoezi ya mtu anayetarajia kumaliza kazi mapema, kisha akakutana na kijana mrefu kuliko yeye, mwepesi, asiyesimama mahali pamoja.

Raundi ya tatu Clay alimchana chini ya jicho la kushoto. Kati ya raundi ya nne na ya tano dawa ya aina fulani iliingia machoni mwa Clay, akawa haoni vizuri, na Liston alimfukuza ulingo mzima bila kumpata sawasawa. Raundi ya sita macho yalifunguka, na bingwa akaanza kupigwa kama gunia la mazoezi.

Aliposhindwa kuinuka, kona yake ilieleza kwamba bega la kushoto limeumia. Madaktari wanane walimpima usiku huo huo katika hospitali moja ya Miami Beach na kukubaliana kwamba mshipa wa msuli wa mkono huo ulikuwa umechanika. Kadi za waamuzi nazo zilionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: hadi wakati ule pambano lilikuwa sare.

Vitu hivyo viwili, ripoti ya madaktari na kadi za waamuzi, vilikuwapo hadharani tangu mwanzo. Havikumsaidia. Seneti ya Marekani ilianza kuuliza maswali ilipobainika kwamba kampuni iliyokuwa na watu wa Liston ilikuwa imelipa dola 50,000 kabla ya pambano ili ipate haki ya kuandaa pambano linalofuata la Clay. Hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba matokeo yalipangwa. Lakini shaka haikuhitaji ushahidi, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa amekwisha kuchukuliwa kuwa mhalifu.

Mgeuko ulikuwa wa ajabu. Wale wale walioandika kwamba Liston ni mnyama asiyeshindika waliandika sasa kwamba hakuwahi kuwa kitu. Patterson, ikasemwa, alikuwa mdogo wa umbo na mwoga. Williams na Folley walikuwa na mapungufu yao. Miaka kumi ya kazi ilipitiwa upya kwa mwanga wa dakika 18, na kila ushindi ulipatikana na dosari.

Marudiano yalipangwa kufanyika Boston, Novemba 1964, na safari hii Liston alijiandaa kweli. Waliomtazama mazoezini waliona bondia aliyerudi katika hali yake. Siku tatu kabla ya pambano Ali alipatwa na ngiri na kufanyiwa upasuaji. Pambano likaahirishwa kwa miezi sita, na bondia wa umri ule hapandi kilele mara mbili katika mwaka mmoja.

Boston nayo ilijitoa. Taji la dunia la uzito wa juu likaishia Lewiston, mji mdogo wa viwanda katika jimbo la Maine, ndani ya ukumbi wa vijana wa kuchezea mpira wa magongo wa barafuni. Watazamaji walikuwa 2,434. Malcolm X alikuwa ameuawa Februari ya mwaka huo wa 1965, na uvumi ulienea kwamba kuna watu wanakuja kumlipiza kisasi Ali hadharani. Polisi walipekua mikoba mlangoni.

Mei 25, katika dakika ya pili ya raundi ya kwanza, Ali alirudi nyuma hatua moja na kurusha ngumi fupi ya kulia. Liston alianguka. Watu wengi ukumbini hawakuiona ngumi hiyo.

Kilichofuata kilikuwa vurugu tupu. Ali alikataa kwenda kwenye kona, akasimama juu ya mwenzake akimtaka ainuke. Mwamuzi Jersey Joe Walcott, bingwa wa zamani, alihangaika na Ali na hakuchukua hesabu kutoka kwa mtunza saa. Liston aliinuka na mapigano yakaanza tena, hadi mhariri wa jarida la The Ring, Nat Fleischer, alipomwita Walcott kutoka pembeni na kumweleza kwamba sekunde kumi zilikwisha kupita. Mwamuzi akasimamisha pambano. Kwa sheria, mtu anayehesabiwa na mtu asiyesikiwa na mwamuzi bado hajahesabiwa, lakini usiku ule hakuna aliyekuwa na hamu ya sheria.

Mpigapicha Neil Leifer alibonyeza kamera wakati Ali amesimama na mkono umekunjwa kifuani, na Liston amelala chali miguuni pake. Picha hiyo imekuwa moja ya picha maarufu zaidi katika historia ya michezo. Imetundikwa katika saluni na vibanda vya mazoezi katika miji mingi ya Afrika, na kwa wengi walioiona, aliyelala hana jina.

Je, Liston alijiangusha Lewiston? Wapo wanaoamini alilipwa, wapo wanaodai alitishwa, na wapo waliorudia filamu polepole na kuonyesha kwamba ngumi ilimpata sawasawa wakati uzito wake uko kwenye mguu wa mbele. Nyaraka za FBI zilizowekwa wazi mwaka 2014 zilionyesha kwamba wapelelezi walikuwa na shaka hata na pambano la kwanza la Miami, zikimtaja mcheza kamari mmoja wa Las Vegas. Hazikuwa na ushahidi kwamba Liston alishiriki. Mtu mzima na mwenye hasira kama yule, ambaye hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa jina la kutisha, angeliuza kwa bei gani? Wanaomtuhumu hawajawahi kulijibu swali hilo vizuri.

Baada ya Lewiston alipigana Sweden mara nne, mwaka 1966 na 1967, kwa maandalizi yaliyomhusisha Johansson yule yule aliyewahi kumpiga Patterson. Alishinda zote kwa KO. Alirudi Marekani na kuendelea kushinda, lakini hakuna aliyempa nafasi ya taji. Desemba 1969 aliongoza dhidi ya Leotis Martin kabla ya kuangushwa raundi ya tisa. Martin naye aliumizwa jicho usiku huo na hakupigana tena maishani.

Pambano lake la mwisho lilikuwa Juni 29, 1970, mjini Jersey City, dhidi ya Chuck Wepner. Uso wa Wepner ulichanika vibaya kiasi cha kushonwa makumi ya nyuzi. Magazeti yaliandika mistari michache.

Chini ya mwezi mmoja baadaye, Julai 1970, bondia wa Tanzania Titus Simba aliingia ulingoni Edinburgh, Scotland, katika fainali ya uzito wa kati ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alishindwa na John Conteh wa Uingereza. Simba alirudi nyumbani na medali ya fedha, na medali hiyo ingali inatajwa kila orodha ya fahari za michezo za Tanzania inapoandikwa. Conteh alipokuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1974, hadhi ya kushindwa kule ilipanda zaidi. Si haki kulinganisha fainali ya ridhaa na taji la dunia, lakini tofauti moja haikwepeki. Simba alipigana kwa jina la nchi iliyokuwa inamsubiri.

Januari 5, 1971, Geraldine, mke wa Liston, alirudi nyumbani kwao Las Vegas kutoka safari ya sikukuu na kumkuta mumewe amekufa chumbani. Chupa za maziwa na magazeti ya siku kadhaa vilikuwa mlangoni. Polisi walikadiria kwamba alikuwa amefariki Desemba 30, 1970. Taarifa rasmi ilitaja moyo na mapafu. Dalili za dawa za kulevya zilipatikana, na wanaosema kwamba aliuawa hawajakoma kusema hivyo. Hata kifo chake, kama vile kuzaliwa kwake, kina tarehe ya kukadiria.

Aliacha mwanafunzi mmoja. Katika miaka yake ya mwisho alifanya mazoezi chini ya kocha Dick Sadler pamoja na kijana wa Texas aliyeitwa George Foreman, ambaye alijifunza kwake ngumi ya kushoto na pia ule mtindo wa kumkazia macho mpinzani bila kusema neno. Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita mwaka 1973 na kuwa bingwa. Dunia ikasema Liston amefufuka.

Oktoba 30, 1974, saa kumi alfajiri mjini Kinshasa, saa 12 asubuhi kwa saa za Dodoma, Foreman alikutana na mtu yule yule aliyemmaliza mwalimu wake. Uwanja mzima wa Wazaire ulimshangilia Ali. Foreman aliangushwa raundi ya nane, na kwa miaka kadhaa alilaumu kamba za ulingo zilizolegea na maji aliyopewa kunywa. Naye aliitwa mtu wa bandia, aliyepiga wanyonge tu.

Lakini Foreman alipewa kitu ambacho Liston hakukipata, nacho ni muda. Aliacha ngumi mwaka 1977, akawa mhubiri, akarudi ulingoni miaka kumi baadaye akiwa mnene na mcheshi, na Novemba 1994 akatwaa taji tena akiwa na miaka 45. Alipofariki Machi 2025 dunia ilimlilia babu mpendwa. Kinshasa ilikuwa imegeuka kuwa sura moja tu ya kitabu chake. Kutoka Lewiston hadi kifo cha Liston ilipita miaka mitano na nusu.

Wataalamu wa ngumi walimrudia polepole. Rekodi yake ya ushindi 50, kati yake 39 kwa KO, na vipigo vinne katika mapambano 54, haikuwa ya mtu wa bandia. Mwaka 1991 aliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Mashujaa wa Ngumi, Canastota, New York, na wengi wanaopanga orodha za mabondia bora wa uzito wa juu sasa humweka ndani ya kumi bora, wakati mwingine juu ya Patterson.

Waliochunguza maisha yake wamerudi pia kwenye suala la umri. Sensa ya Marekani ya mwaka 1940 ilimwandika kuwa na miaka 10. Ikiwa hesabu hiyo ni sahihi, basi alizaliwa karibu mwaka 1930, na aliyeketi kwenye kona ile ya Miami akiwa na mkono ulioumia alikuwa mtu wa miaka 33 au 34, akipambana na kijana wa miaka 22 aliyekuja kuwa bora kuliko wote. Maelezo hayo hayahitaji njama yoyote.

Amezikwa Las Vegas, karibu na uwanja wa ndege. Jiwe la kaburi lake halitaji mkanda wala ubingwa. Lina jina lake, mwaka 1932, mwaka 1970, na chini yake maneno mawili yanayosema tu kwamba alikuwa mwanamume.